Kidole cha Mwisho

Kadi inasema: mkazi wa kudumu.
Chini yake, kwa herufi ndogo: mwisho wa kutumika, Machi.
Nikaiweka mezani karibu na chumvi,
nikamwuliza Nenita,
"Kudumu gani huku, kwenye tarehe ya kuchacha kama maziwa?"
"Crisanto," akasema, "lipa ada, acha falsafa."

Basi nimeondoka Kodiak kwa ndege ya alfajiri,
barua ya wito ndani ya mfuko wa plastiki,
pamoja na nakala za kadi mbili zilizokufa:
ya kwanza, nywele nyeusi, shingo ya fahali;
ya pili, miwani, na kovu la ndoano.

Anchorage. Dirisha la tatu.
Kijana mwenye glavu za bluu ananishika kidole gumba
kama anayechagua nyanya, anakibonyeza kwenye kioo.
Taa nyekundu.
Tena.
Nyekundu.
"Unafanya kazi gani, mzee?"

Miaka thelathini na moja ya kupasua samoni:
kisu, barafu, maji ya chumvi, dawa ya kusugulia meza.
Mistari ya vidole iliniondoka kidogo kidogo,
ikaingia kwenye makopo,
ikaliwa Ohio, ikaliwa Texas,
labda hata na wewe, kijana, juu ya mkate.

Nilisema tu: "Samaki."

Akanipa mafuta, nisugue viganja, ningoje.
Kando yangu mama wa Kitonga anamsuka bintiye,
mzee wa Kikorea amesinzia, fomu kifuani,
kama aliyeagiza azikwe nayo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi walinipa kisu, sikunung'unika.
Ila hakuna aliyeniambia
kwamba siku ya nne wataomba kuuona mkono.

Gumba, hapana. Shahada, hapana.
Tukafika kwenye kidole cha mwisho, mkono wa kushoto,
kile kivivu, kilichokaa pembeni miaka yote
wenzake wakikatwa na baridi.
Kijani.
"Ndiyo huyu!" kijana akacheka. "Vingine tutakuandikia."

Usiku Nenita akauliza, mgongo kwangu, akichochea supu:
"Wamekutambua?"
Nikamwinulia kidole.
Hakugeuka.
Nikakiacha hewani kidogo,
shahidi wangu pekee,
ambaye hakufanya kazi hata siku moja.