Huna Idhini

Michoro yangu ya hina, mia na ishirini,
Lali aliipanga ikawa kitabu cha simu.
"Tukitie kufuli, shangazi. Alipaye ataona,
asiyelipa ataona kiza."
Kufuli lisilo chuma, lisilo ufunguo
wa kufunga penye pindo la leso!
Nikamwambia, funga.

Mwezi ule Kibokoni hapakuwa na jingine.
Kwenye singo ya mwanawe Khuleta, piko ikikauka,
wanawake walinong'onezana: sheria ya hakimiliki imefika,
ukichora ua la mwenzio ni faini,
askari watasimama mlangoni mwa ukumbi
wakifunua viganja.
"Na bibi arusi?" akauliza Swafiya.
"Ataingia chumbani, au atapelekwa kortini kuwa kielelezo?"
Tukacheka. Lakini Nargisi alirudisha mkono ndani ya buibui,
na nawajua watu waliofuta usiku huo
picha za harusi zao wenyewe.

Mimi sikufuta kitu. Nilikuwa upande wa ufunguo.
Miaka kumi na tisa nimeyaona maua yangu
yakipita Markiti kwenye mikono nisiyoijua,
yamekonda, majani yameenda kombo,
wala hayanipi salamu.

Kisha simu ikatumbukia beseni la nguo.
Nikanunua nyingine, nikakigusa kitabu.
Kikanijibu kwa adabu: huna idhini.
Nikaandika jina langu. Huna idhini.
Nikaandika la mamangu, na mwaka aliokufa.
Lali yuko Doha, kazini, simu yake yaita tu.
Mwizi hufungiwa nje; leo mwenye nyumba
ndiye anayebisha hodi.

Usiku wa kuamkia Idi akaja Tima wa nyumba ya pili
na picha ya mkono wa mwenziwe wa shule:
"Nataka kama hili."
Nikalitazama. Langu. Lile la ukurasa wa kwanza,
limeibwa vibaya, tawi moja limesahauliwa.
Nikaliiba tena kutoka kwa mwizi,
nikalirudishia tawi lake,
na mkono wangu ukakumbuka
kwamba hata mimi sikupewa:
nililichukua kwa macho, nikimshikia bakuli
marehemu Mwanakheri, ambaye hakuniuliza kitu
ila kama nimechoka.

Wiki mbili, na maji ya vyombo yatalifuta.
"Ni la nani hili?" akauliza Tima.
Tulia, nikamwambia. Usikunje kidole.
Bado bichi.