Zikigeuka, Amka

Aprili. Mvua ya Nairobi haibishi hodi,
inapenya chini ya mlango wa stoo
na kukaa kama mdai.
Katika kabati la tatu imelala sime ya Ukambani,
ala yake ya ngozi imekunjamana mdomoni.
Kutu huisikia mvua kabla yangu.

Mzee Muthengi alipostaafu aliniachia funguo nne,
stuli yenye mguu mfupi
na kopo la punje za buluu.
"Hizi hazidanganyi," alisema.
"Zikiwa buluu, lala. Zikigeuka waridi, amka."
Miaka kumi na mmoja nikalala na kuamka hivyo.
Zilipochoka kunywa nilizimwaga kwenye sinia,
nikazitia ovenini,
nikachungulia waridi likirudi buluu
kama mtu aliyekumbuka jina lake.
Vumbi nililipangusa kwa kiganja,
kiganja nikakifutia aproni,
aproni nikaenda nayo nyumbani Umoja
nikaifua pamoja na sare za watoto.

Lebo ya kopo ilikwisha banduka zamani.
Jerotich, aliyekuja kujifunza kazi, ndiye aliyeuliza:
"Hiyo buluu ni ya nini?"
Inapima unyevu, nikamjibu.
"Hapana. Buluu yenyewe. Imetoka wapi?"

Sikujua.
Sikuwahi kuiuliza rangi ukoo wake.

Tuliikuta karatasi ya kiwandani nyuma ya faili za zabuni,
herufi ndogo kama mayai ya chawa:
kobalti.
Usivute vumbi lake. Huenda ikaleta saratani.
Huenda ikamdhuru aliye tumboni.
Jerotich alirudia mstari huo mara mbili,
kisha akasogeza kikombe chake cha chai
mbali na sinia, polepole,
na mkono wa pili akauweka pale
ambapo hakuwa amemwambia mtu.

Nilizima oveni. Hongera ilinikwama.
Nikasema, "Toka nje upate hewa,"
na nje ilikuwa inamwagika.

Siku hizi naagiza za rangi ya chungwa.
Bwana Wanjala wa uhasibu anazungusha kalamu:
kwa nini chungwa limeizidi buluu bei?
Namwekea karatasi mbili mezani, asome mwenyewe.
Na hata chungwa silinunui kwa macho:
ziko zilizotiwa rangi ya zambarau,
nazo zina kesi zao.
Karatasi kwanza, mpaka nukta ya mwisho, ndipo pesa.
Kabatini natia kilo nzima ya nyeupe, bubu,
na kifuko kimoja tu cha chungwa
kitoe ushahidi.

Buluu ya Mzee nimeifunga mifuko miwili,
nimeandika juu yake kwa wino mnene: SUMU.
Iko rafu ya chini, inangoja wenye idhini ya kuichukua.
Wananiambia itupe tu.
Lakini taka za mji huu huishia Dandora,
na Dandora kuna vidole vinavyochambua,
vingine havijatimiza miaka kumi,
na punje zile, Mungu anajua, zinapendeza.

Jana Mzee alipiga simu kutoka Mwingi,
huko ambako mvua ni habari njema.
"Zimegeuka?"
Nikatazama kiganja changu. Hakikuonyesha kitu.
"Zimegeuka, Mzee."
Akanyamaza. Nilisikia kuku wake.
"Basi amka," akasema.