Maboksi Matatu

Jumatano, Ibra ni soko la wanawake.
Nilinunua nyuzi za kufumia kofia, ndimu kavu,
kisha nikavuka barabara na kapu langu
hadi kwa Hamdun bin Sulum, muuza risasi.

Nikaweka kibali juu ya kioo.
Akakisoma. Akanitazama. Akakisoma tena.
"Bunduki ya marehemu?"
Ya marehemu baba. Sasa yangu, muhuri huo hapo.
"Unawinda nini?"

Siwindi kitu.
Paa ana sheria yake, mbuzi wa jabali ana askari wake,
nami nina jiwe jeupe mlimani,
mita mia moja, Idi pili, mbele ya shemeji zangu
wasemao jicho la mwanamke hulenga tundu la sindano tu.

Akacheka, na kicheko kikamfichua:
Kiarabu alikiacha katikati ya sentensi.
"Basi keti, dada, tuchague taratibu."
Kiswahili cha Bujumbura. Changu cha Wete.
Tukasikilizana kama anayegeuza ganda la risasi
atazame kitako chake,
pale kiwanda kinapogonga herufi mbili na mwaka.
Ling'arishe utakavyo, lilikozaliwa halifutiki.

Akatoa maboksi matatu.
La Serbia, karatasi yake kavu kama ya sabuni ya kufulia.
La Ufini, laini kama la manukato,
bei yake ungepata mwanambuzi.
La Ucheki, risasi zake nzito, vichwa butu.
"Hizi za mnyama mnene," akasema. "Huvimba ndani ya nyama."
Niliishika moja. Ilikuwa baridi, na nzito kuliko nilivyodhani.
Lugha yetu imeipa risasi jina la madini yake,
haikutaka kumdanganya mtu.

Baba aliinunua bunduki hii kwa ajili ya nguruwe
waliochimbua mihogo yao Pemba, yeye mtoto, usiku, na debe la kupiga.
Aliinunua huku, nchi isiyo na nguruwe wala mihogo.
Bunduki ya kuwindia isiyowahi kuwinda.
Ila daftari aliliacha, herufi za Kiarabu, maneno ya kwetu:
*Hizi zinatema kushoto.*
*Hizi ghali bure.*
*Usimuulize muuzaji. Uulize mtutu.*

Nikanunua yote matatu.

Alfajiri ya Ijumaa, wadini, mwanangu Muzna akishika saa.
Tatu za kila boksi, kisha mtutu upoe,
kahawa kikombe kimoja, kisha tatu nyingine.
Za Ufini zilitawanyika
kama watoto wa chuoni mwalimu akitoka nje.
Za Ucheki zilinipiga bega, zikashuka chini zote,
kwa heshima, lakini chini.
Za Serbia, tundu, tundu, tundu:
Muzna akaweka juu yake sarafu ya baisa hamsini
na karatasi ikaonekana nzima.

Nilirudi dukani Jumamosi.
"Manne ya Serbia," nikasema, "nambari ya kundi ileile,
chungu cha leo si chungu cha jana."
Hamdun hakushangaa. Alikwisha kuyatenga chini ya meza.
"Ulijua?"
"Baba yako alinunua hizo hizo miaka tisa."
"Mbona hukuniambia?"
Akafuta kioo pasipo na vumbi.
"Ungeniamini? Na boksi la Ufini nani angelinunua?"

Usiku nimeandika chini ya mwandiko wake,
kwa herufi zangu za shule:
*Hizi inazipenda.*
Bega lina alama ya zambarau, nimeifunika kwa shela.
Muzna amelala na ganda tupu mkononi,
amelipuliza jioni nzima kama filimbi.

Idi bado siku kumi na moja.
Jiwe liko palepale mlimani,
jeupe, halijui kitu.