Hana Jina Sokoni

Maji mafu, Jumapili, saa moja na nusu asubuhi.
Twalib anashika kamba ya boya, mimi nashika kamera.
Nyali, kando ya mwamba, mita mbili na nusu tu:
mtu juu ya mabega ya mtu angetokeza kichwa kikavu.
Wazamiao kina kirefu wanatucheka:
"Nyinyi mnazamia kwenye beseni!"

Na wacheke. Mimi ni fundi saa.
Miaka ishirini na mitatu jicho langu limeishi
ndani ya vitu visivyofika punje ya mtama.
Najua kungoja kidogo kikubali.

Leo ni chupa ya soda, ya kioo, imelala ubavu,
shingo imevaa ukoga,
na mlangoni kichwa,
kichwa kisichojaza ukucha wa kidole changu cha mwisho,
kinachungulia kama mpangaji
anayetaka kujua kama mwenye nyumba keshapita.

Nasogea. Anaingia.
Nangoja. Anatoka nusu.
Kiputo kimoja kinanitoroka: kaingia tena.
Dakika arobaini, magoti mchangani,
wimbi dogo likinisukuma na kunirudisha
kama mtoto anayebembelezwa asiyetaka kulala.
Halafu anatoka. Hana haraka.
Ana vishungi viwili juu ya macho, na madoa ya buluu
ambayo bila mwanga wa taa yangu hakuna ambaye angeyaona.

Niliwahi kumwonyesha Bi Mwanasiti, muuza samaki,
picha yake kwenye simu. Akaikuza kwa vidole viwili.
"Huyu? Huyu hata mafuta ya kumkaangia ni hasara.
Tasi ana jina, changu ana jina,
hata bunju na sumu yake.
Huyu nani angemwita, na amwitie nini?"

Usiku, mezani, kati ya saa za watu zilizosimama,
nafungua picha ya mwisho.
Nyuma yake, kwenye dari la chupa,
mchanga wa manjano, nilidhani.
Nakuza.
Kila chembe ina macho mawili.

Jumamosi vijana wa mtaa wanasafisha ufuo.
Nimejiandikisha; gunia langu ni namba kumi na tisa.
Nitaokota champali, vifuniko, vipande vya nyavu.
Wakiniuliza, "Kule mwambani umemaliza?"
nitasema nimemaliza.
Uongo wa chupa moja
na watu wake mia na kitu.