Kisaidizi

Chini ya kiwanda cha viatu kilichofungwa, hapa Glazov,
kuna chumba kimoja, bomba la joto linalokoroma,
na girya langu la kilo ishirini na nne:
tufe la chuma lenye mpini, rangi imebanduka
pale viganja vyangu vilipoilamba miaka mitatu.

Jumatatu nalibembeza. Jumatano nalisukuma juu.
Ijumaa nalinyakua kutoka kati ya magoti
hadi juu ya utosi kwa pumzi moja,
mara mia, na theluji dirishani haijali.

Ila bega la kushoto likaanza kunung'unika.
Kidole kimoja hakivunji chawa, nikajiambia,
nikakaa jikoni na kalamu, nikaandika
mazoezi kumi na mawili ya kulisaidia lile kuu:
pushapu, kuning'inia, kuchuchumaa kwa mguu mmoja,
kubeba ndoo za mchanga kutoka ukuta hadi ukuta,
orodha ndefu kama ya mahari.

Ulyana anatufundisha. Ana miaka ishirini na sita
na mafua yasiyokwisha. Akaisoma
huku akitafuna mbegu za alizeti.
"Hawa ni wasaidizi au ni wapangaji?
Watahamia, watakula, na kodi utalipa wewe."

Akauliza chuma kinaninyima nini.
Nikafikiri. Girya hutaka nilirushe, nilisukume, nilipokee;
halijawahi kunitaka nijivute kulifuata.
"Basi ning'inia." Jina moja likapona.

"Kazini je?"
Magunia ya unga, kiwanda cha mikate, zamu ya usiku.
Akazifuta ndoo za mchanga.
Akaifuta pushapu: Jumatano imekwisha kusukuma.
Mguu mmoja akauacha, maana ngazini
amenisikia goti likilia kama mlango.

"Na asubuhi?"

Asubuhi namtoa mama kitandani,
kilo hamsini na moja, namkalisha dirishani
aone kama jirani amewasha jiko.
Mkono mmoja chini ya magoti, mwingine mgongoni,
naye hunishika shingo, upande uleule kila siku.

Kalamu ikasimama.
"Hilo hukuliandika."

Nani humwandika mama yake kati ya mazoezi?

"Kesho zunguka kitanda," akasema, akapenga kamasi,
akaenda kumkemea kijana aliyepinda mgongo.

Nikabaki na karatasi, mistari mingi, majina mawili.
Nikawaza vitenzi visaidizi:
katika *alikuwa analia*
kilio ndicho kinachosikika,
*alikuwa* anashika mlango tu,
lakini achia mlango uone.

Asubuhi nikazunguka kitanda.
Mikono ikapotea kama ya mgeni gizani,
bega la kushoto likaguna, likakubali.
Mama, uso wake karibu na sikio
ambalo hajalikaribia tangu aanguke,
akaninyooshea kidole kwenye nywele:
"Una mvi upande huu.
Tangu lini?"