Chupa Nambari Saba

Jumanne, saa moja kasorobo asubuhi,
Keighley bado imejifunika ukungu.
Nashuka ngazi za nyuma ya kiwanda cha ngozi,
tope likinyonya buti.
Bomba linakohoa. Mto Worth unapokea tu,
kama mgeni asiyeweza kukataa chakula cha mwenyeji.

Nakinga chupa. Natia lakiri. Naandika:
saa, digrii, rangi (ya chai iliyolala),
harufu. Hapo fomu imeacha nafasi ndogo mno.

Bwana Sugden, meneja, anakuja na mwavuli na tabasamu:
"Mvua ya usiku hiyo, dada. Mvua haina mwenyewe."
Simjibu. Kalamu inamjibu.

Maana haya niliyoyashika,
pasipo kifungu cha sheria,
ni uchafu ndani ya chupa;
ungeyamwaga ukaendelea na siku yako.
Kifungu kikiwepo, maji yanaota ulimi:
yanapanda kizimbani Bradford,
yanaapa,
yanamtaja mtu kwa jina.

Doreen Holroyd wa nyumba ya darajani, miaka themanini na miwili,
aliwahi kutumbukia hapa akiwa msichana.
Baba yake alimchapa, na si kwa hofu ya kuzama:
gauni lilitoka zambarau, halikutakata tena.
Wamshitaki nani? Mto ulikuwa wa wote,
yaani haukuwa wa yeyote.
"Tulidhani ndivyo mito ilivyo," aliniambia,
akaendelea kumenya viazi.

Maji yakimwagika hayazoleki, tumeambiwa tangu utoto.
Basi sheria yenye akili haingoji yamwagike.
Hubisha hodi mapema, huuliza kibali kiko wapi,
mtambo ulikaguliwa lini,
nani alizima king'ora saa nane za usiku.

Sisemi sheria ni malaika.
Mwaka juzi faini yao haikufika bei ya gari la meneja;
walilipa huku wakicheka.
Sheria isiyouma ni mbwa wa kwenye picha.

Lakini leo, hatua hamsini chini ya bomba,
nimepindua jiwe:
mdudu mmoja, mwembamba kama kope,
wa aina isiyovumilia uchafu,
ameng'ang'ania.
Nimelirudisha jiwe polepole,
kama afungaye mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Fomu haina safu yake.
Nimemwandika pembeni.