Mizunguko Mitatu

Vua viatu, mchungaji Boudewijn, vina tope.
Kaa. Kahawa ipo, mkate sina.
Najua ulichokibeba chini ya koti hilo jeusi:
kwamba kabla ulimwengu haujawa,
kabla wazee wetu hawajaipokonya bahari mashamba haya,
jina la Jannetje lilikwisha kuandikwa
kando ya tarehe, na saa, na kina cha maji.
Kazi ya Mungu haina makosa.
Ulisema hivyo makaburini, watu wakaitikia,
hata Krijn, babake, aliitikia.
Mimi nilikuwa nikitazama viganja vyangu.

Hesabu yangu ni fupi.
Lango la mfereji hufungwa kwa mizunguko kumi na minne.
Usiku ule chuma kilikuwa kimeganda,
kinang'ang'ania ngozi ya vidole,
na nyumbani supu ya njegere imeshapakuliwa.
Nikazungusha kumi na mmoja.
Nikasema, yatosha.
Nilisema kwa sauti; mbwa alisikia.

Haya, wewe uliyesomea Utrecht:
neno hilo, *yatosha*, liliandikwa na nani?
Kama ni Yeye, basi mimi ni mpini tu,
na mpini haugutuki saa tisa usiku
ukahesabu gizani, kumi na mbili, kumi na tatu,
mkewe akijifanya amelala.

Usinielewe vibaya. Namwamini.
Namwamini kuliko siku uliponibatiza.
Ndiyo maana zawadi yako siipokei.
Ukiniondolea hatia hii umeondoka na mkono mzima,
na ni mkono huu huu Jannetje aliushika
majira ya baridi yaliyopita, juu ya mfereji huo huo,
akijifunza kuteleza kwenye barafu, akicheka, akianguka.
Hilo nalo lilipangwa?
Basi hata hilo si langu.

Jana nilibisha kwa Krijn.
Nikamwambia: mitatu. Nilibakiza mitatu.
Alisimama mlangoni, nikasikia saa ya ukutani ikigonga.
Hakunipiga. Hakunisamehe.
Aliingia, akatoka na koleo mbili,
tukazoa tope la sebuleni hadi giza,
hakuna aliyefungua kinywa.

Nikirudi nilipitia langoni.
Kumi na minne.
Halafu, sijui kwa nini, nikajaribu wa kumi na tano.
Nikaegemea kwa uzito wangu wote.
Chuma kikakataa.